Msimbo Unaosomeka Kisumu

Mwezi wa Februari mwaka wa 2004, madaktari wawili wa Marekani waliokuwa pia wajuzi wa kompyuta, Paul Biondich na Burke Mamlin wa Taasisi ya Regenstrief huko Indiana, walifika Eldoret kusaidia kupanua mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Mfumo wenyewe ulikuwa umeanzia Mosoriot, kituo cha afya cha mashambani huko Nandi, mwaka wa 2001, ukiwa umeandikwa kwa Microsoft Access na kuendeshwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Kwa kituo kimoja ulitosha. Lakini matibabu ya virusi vya ukimwi yalikuwa yakienea kwa kasi chini ya mpango wa AMPATH, wagonjwa wakawa maelfu, na kila fomu mpya ya kliniki ilidai jedwali jipya pamoja na mtu wa kulitengeneza. Walichokibuni wageni hao na wenyeji wao ndicho kinachoitwa OpenMRS, programu huria, yaani ambayo msimbo wake (maagizo yaliyoandikiwa kompyuta) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha. Wazo lake kuu ni kamusi ya dhana: badala ya kila swali la kliniki kuwa na safu yake katika jedwali, swali lenyewe huhifadhiwa kama data, hivi kwamba kliniki ikitaka kuanza kurekodi jambo jipya haihitaji kumngoja mtu wa kuubomoa na kuujenga upya muundo wa hifadhidata. Februari 2006 mfumo ulianza kutumika Eldoret, na mwaka huohuo ukaanza Rwanda.

Nimetanguliza historia hii kwa sababu vijana wengi ninaokutana nao Kisumu, Kakamega na Nakuru huzungumzia programu huria kana kwamba ni zawadi ya ng'ambo, nasi kazi yetu ni kuipokea na kushukuru. Ukweli ni kwamba upande huu wa nchi umekuwa mahali ambapo programu za aina hiyo zilijaribiwa, zikashindwa, zikarekebishwa na kukomaa. Open Data Kit, programu ya kukusanya data kwa simu ambayo wengi huijua kwa kifupi kama ODK, ilianzishwa mwaka wa 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, na miongoni mwa watumiaji wake wa mwanzo walikuwa washauri wa AMPATH waliozunguka nyumba kwa nyumba magharibi mwa Kenya wakiwapima watu virusi vya ukimwi, simu ya Android ikiwa imechukua nafasi ya mrundo wa fomu za karatasi. Kila anayejaza leo dodoso la KoboToolbox kule Ahero au Bondo anatumia programu iliyojengwa juu ya kazi hiyo. Chuo Kikuu cha Maseno nacho kina sehemu yake. Watu wake wameshiriki katika R-Instat, programu huria ya takwimu iliyojengwa juu ya lugha ya R ili mtu asiyejua kuandika msimbo aweze kuchanganua data kwa kuchagua kwenye menyu, na wanafunzi wake wa hisabati hujibu mazoezi yanayosahihishwa na STACK, programu huria iliyoanzishwa Uingereza.

Hoja yangu ni moja. Uwazi wa leseni peke yake hautoshi. Programu ikiwa kubwa mno hivi kwamba mtu wa Kisumu hawezi kuijenga, yaani kuugeuza msimbo wake kuwa programu inayofanya kazi, kwa kompyuta aliyo nayo, wala kuusoma msimbo wake akafika mwisho, basi ruhusa ya kuibadilisha aliyopewa ni haki iliyo karatasini. Haki hiyo hugeuka kuwa uwezo pale programu inapokuwa ndogo, na uwezo huo hudumu pale watu wa hapa wanapokuwa ndani ya jumuiya inayoitunza, wakijulikana kwa majina yao, wakitoa viraka, yaani marekebisho madogo ya msimbo, na kujibu maswali ya wengine.

Chukua Chromium, msimbo ambao Google huutumia kutengeneza kivinjari cha Chrome. Uko wazi, na yeyote anaruhusiwa kuupakua na kuubadilisha. Maelekezo yake rasmi ya kuujenga kwenye Linux yanataka kompyuta yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya gigabaiti 8 kwa uchache, yakishauri kwa mkazo zaidi ya 16, pamoja na nafasi ya gigabaiti 100 kwenye diski. Vipakatalishi vya mtumba ambavyo wanafunzi wetu hununua mara nyingi vina gigabaiti 4, na bando la kupakua mzigo kama huo linaweza kumaliza pesa za matumizi ya mwezi mzima. Silaumu waliouandika, kwa kuwa kivinjari cha leo kimetwishwa kazi nyingi mno. Nasema tu kwamba kwa mwanafunzi huyo tofauti kati ya Chromium na programu iliyofungwa kabisa ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye leseni.

Sasa itazame Lua. Lugha hii ya kuandikia programu ilibuniwa mwaka wa 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro na Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Brazili ilikuwa ndiyo kwanza imetoka katika miaka mingi ya vizuizi vikali vya kuingiza kompyuta na programu kutoka nje, na watafiti wa chuo hicho walikuwa wamezoea kujitengenezea zana zao. Shirika la mafuta la Petrobras, lililokuwa mteja wao mkubwa, lilihitaji njia ambayo wahandisi wasio wataalamu wa programu wangeweza kuitumia kueleza data zao. Kilichotokea ni lugha ambayo msimbo wake wote, ulioandikwa kwa lugha ya C, una mistari ipatayo 30,000, na ukishajengwa hauchukui hata megabaiti moja. Kwa miaka mingi imetumika ndani ya ruta zinazoendeshwa na OpenWrt, mfumo huria wa ruta, na leo imo katika moduli za Wikipedia, hii yetu ya Kiswahili ikiwemo.

Kundi letu dogo la Jumamosi hapa mjini lilichagua Lua liwe somo lake la kwanza kwa sababu ya udogo huo. Tulilifungua faili linaloshughulikia maneno, lstring.c, tukalisoma mstari kwa mstari hadi kila mmoja akaweza kueleza kwa nini maneno mafupi, yasiyozidi baiti 40, huhifadhiwa mara moja tu katika kumbukumbu hata yakitajwa mara elfu, ilhali marefu hayatendewi hivyo. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa amesoma shahada nzima bila kuona ndani ya programu yoyote inayotumika duniani alisimama ubaoni akatuchorea jedwali zima linalohifadhi maneno hayo mafupi. Sijui njia nyingine ya kumtoa kijana katika hofu ya kudhani kwamba programu huandikwa na watu wa jinsi nyingine. Akishaona kwamba msimbo unaoendesha ruta ya ofisini kwake ni sentensi zilizoandikwa na binadamu, zenye maelezo, zenye masahihisho, na hapa na pale zenye njia ya mkato, ataandika zake.

Wazee wa Busia na Siaya walioishi na baiskeli ya Black Mamba wataelewa haraka. Kila sehemu yake ilionekana kwa macho, fundi aliyekaa chini ya mti alikuwa na spana za kutosha, na hakuna aliyehitaji kibali cha kiwanda ili abadilishe spoku. Ndiyo sababu ilidumu mikononi mwa watu wasio na pesa nyingi.

Kazi yangu ya kila siku ni kutunza kumbukumbu za zahanati chache na chama kimoja cha akiba na mikopo upande wa Nyando. Zahanati mojawapo ilikuwa imenunua mfumo kutoka kwa kampuni fulani, ikalipa ada kwa miaka kadhaa, kisha mwaka mmoja bajeti ikachelewa. Asubuhi moja skrini ikaonyesha ujumbe mmoja tu, wa kudai malipo. Hakuna aliyepoteza data kwa maana ya kufutwa. Zilikuwa palepale kwenye diski, katika faili ambalo programu hiyo pekee ndiyo iliyoweza kulifungua. Sista msimamizi alinipigia simu akaniuliza swali moja: "Fundi, watoto wa chanjo ya kesho nitawajuaje?" Sikuwa na jibu la kiufundi la kumpa. Tulikaa na madaftari ya zamani na kadi za kina mama, tukaandika orodha kwa mkono.

Mfumo nilioweka baadaye ni wa kawaida sana, na nauelezea hapa kwa sababu ukawaida wake ndio ninaoutetea. Ni kompyuta moja ndogo yenye Debian, mojawapo ya mifumo huria ya Linux, bila mazingira ya picha wala programu zisizohitajika. Data zimo katika hifadhidata ya SQLite, yaani faili moja, ambalo linaweza kunakiliwa kwenye diski ya mkononi na kupelekwa nyumbani kwa msimamizi kila Ijumaa. Orodha za chanjo hutolewa kama maandishi matupu na kuchapishwa. Simu na kompyuta nyingine za zahanati huifikia kupitia ruta ya hapohapo, hata mtandao wa nje usipokuwepo. Kurasa zake hazina picha za mapambo, wala hazivuti chochote kutoka kwenye seva za mbali, kwa hiyo hufunguka mara moja hata kwenye simu ya zamani.

SQLite yenyewe ina asili ambayo kila anayeishi na stima ya kukatika atairidhia. Richard Hipp aliianza mwaka wa 2000 alipokuwa akiandika programu ya manowari ya jeshi la majini la Marekani. Programu hiyo ilitegemea seva ya hifadhidata, na seva ilipokuwa chini, programu haikuwa na la kufanya ila kutoa ujumbe wa kushindwa. Akajiuliza kwa nini data zisisomwe moja kwa moja kutoka kwenye diski bila seva kuwepo katikati. Leo SQLite imo katika kila simu ya Android na kila iPhone. Badiliko lolote huandikwa kwa utaratibu unaohakikisha kwamba stima ikipotea katikati ya kazi, ama badiliko lote limeingia ama halikuingia kabisa. Hakuna mgonjwa anayebaki nusu amesajiliwa. Ni lazima niongeze kwamba SQLite ni mali ya umma, lakini waandishi wake hawapokei msimbo wa watu wa nje isipokuwa kwa nadra. Uwazi wa kusoma na uwazi wa kushiriki ni mambo mawili, na mradi unaweza kuwa na mmoja bila mwingine. Mimi huitumia kwa moyo mweupe kwa sababu ahadi yao ya kuiendeleza hadi mwaka wa 2050 imeandikwa wazi, na muundo wa faili lake umeelezwa kikamilifu, kiasi kwamba hata wao wakiacha, mtu mwingine anaweza kuandika msomaji wake.

Kuna watu wanaodhani kwamba kupenda programu ndogo ni suala la ladha tu. Hao ningewaomba wafuatilie yaliyotokea Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulikia hifadhidata ya PostgreSQL, aligundua kwamba kuingia kwenye kompyuta ya majaribio kwa njia ya SSH, utaratibu wa kuingia kwa usalama kwenye kompyuta iliyo mbali, kulikuwa kukichukua takriban nusu sekunde zaidi ya ilivyozoeleka. Hakulipuuza. Akafuatilia hadi akakuta mlango wa siri umepandwa ndani ya xz, maktaba (msimbo unaotumiwa na programu nyingine) ya kubana faili, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeupanda alitumia jina la Jia Tan, na alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili akitoa viraka vizuri hadi akaaminiwa kuwa mtunzaji mwenza. Mtunzaji wa asili, Lasse Collin, alikuwa ameibeba kazi hiyo peke yake kwa miaka mingi bila malipo. Alikuwa ameeleza hadharani kwamba afya yake ya akili ilimpunguzia nguvu, huku majina mengine yakimwandikia kumlaumu kwa uchelewaji na kumtaka akabidhi madaraka.

Mambo mawili katika kisa hicho yananihusu moja kwa moja. Kwanza, OpenSSH, programu inayotoa huduma hiyo ya SSH, haiitumii xz. Wasambazaji wa Linux kama Debian na Fedora, pamoja na wengine, walikuwa wameongeza kiraka chao ili seva ya SSH iweze kuuarifu mfumo wa systemd, unaowasha na kusimamia huduma za kompyuta, kwamba iko tayari, na kwa ajili ya ujumbe huo mdogo wakaingiza maktaba nzima, ambayo nayo ilikokota xz nyuma yake. Ujumbe wenyewe unaweza kuandikwa kwa mistari michache ya C, na ndivyo OpenSSH ilivyofanya katika toleo la 9.8 miezi iliyofuata, bila maktaba ile. Toleo thabiti la Debian ambalo sisi hulitumia halikuwa limefikiwa na matoleo hayo mabaya, lakini tangu siku hiyo kila ninapoongeza kitu kwenye seva huuliza kinaleta nini nyuma yake, na jibu lisiporidhisha sikiongezi. Pili, mamilioni ya seva duniani, za benki na za serikali, zilikuwa zimemwachia mzigo mtu mmoja aliyechoka. Nasi tuliokuwa tukiitumia xz kufungua kila kifurushi cha Debian tulikuwa miongoni mwao. Hapo ndipo nilipoona kwamba kuchagua programu vizuri hakumwondolei mtu wajibu wa kuitunza pamoja na wenzake.

Kushiriki huko ni kazi ya namna gani? Wengi hudhani ni lazima mtu aanze kwa kuandika msimbo wa kutisha. Ripoti nzuri ya hitilafu ni mchango kamili: toleo gani, kwenye kompyuta gani, hatua zipi zilifuatwa, kilitarajiwa nini na kikatokea nini. Watumiaji wa huku huona hitilafu ambazo msanidi wa Boston au Berlin hawezi kuziona, kwa sababu hajawahi kuendesha programu yake kwenye mtandao unaopotea kila baada ya dakika kumi. Hifadhidata ya OpenMRS, kwa mfano, ina sehemu ya kuonyesha kwamba tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa ni ya kukadiria. Mifumo mingi iliyoandikwa kwingine humlazimisha karani abuni siku na mwezi kwa ajili ya bibi anayejua tu kwamba alizaliwa karibu na mwaka wa njaa fulani, na ubunifu huo huingia katika takwimu ukiwa na sura ya ukweli. Sehemu kama hiyo huwepo kwa sababu mtu aliyewajua wagonjwa wa aina hiyo alikaa pamoja na walioandika msimbo.

Lugha ni eneo jingine ambalo hakuna atakayetufanyia. Desemba 2004, mradi wa KiLinux ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyokuwa na menyu za Kiswahili, na waliofanya kazi hiyo walilazimika kukubaliana kwanza juu ya istilahi. Kazi ya leo ni ya ndani zaidi, nayo inagusa muundo wa msimbo wenyewe. Msanidi anayefikiri kwa Kiingereza huandika kiolezo kimoja chenye nafasi mbili, moja ya idadi na nyingine ya kitu, akitumaini kwamba kitendo kilichobaki kitafaa kila kitu. Kwetu haiwezekani: wagonjwa watatu wamesajiliwa, vipimo vitatu vimesajiliwa, dawa tatu zimesajiliwa. Kanuni ya wingi iliyomo katika gettext, zana ya kutafsiria programu, inajua tu kama ni kimoja au zaidi, haijui ngeli. Tafsiri iliyo nzuri kabisa haiponyi kiolezo cha aina hiyo, na dawa yake ni kumwandikia mtunzaji, kumweleza kwa mifano, na kumletea kiraka kinachotenganisha kila sentensi ikae peke yake. Viraka vya namna hii ndivyo ninavyowapa vijana waanze navyo. Ni vifupi, vinahitaji ujuzi ambao wao wanao na mtunzaji hana, na majibizano yanayofuata huwafundisha adabu ya jumuiya: kueleza sababu ya badiliko kwanza, kugusa jambo moja kwa kiraka kimoja, kupokea masahihisho bila kununa, na kuuliza tena kwa upole majibu yakichelewa wiki tatu.

Vikwazo vipo. Majadiliano huendeshwa kwa Kiingereza, na kijana anayezungumza Kiswahili na Kijaluo bila kusita hunyamaza kwa kuogopa kukosea kiambishi cha lugha ya watu. Mikutano ya sauti hupangwa kwa saa za Ulaya na Marekani, na mkutano wa saa 18:00 za UTC (saa za kimataifa) kwetu ni saa tatu usiku, wakati ambao binti anayeishi Nyalenda hawezi kuwa bado kwenye saiba akingoja zamu yake ya kusema. Kwa hiyo napendelea miradi ambayo maamuzi yake hufanywa kwa maandishi, yakaweza kusomwa na kujibiwa kesho yake.

Git, zana ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, imetusaidia sana hapa. Ilizaliwa Aprili 2005, pale watunzaji wa Linux waliponyimwa ruhusa ya kuendelea kutumia BitKeeper, zana ya kampuni ya kazi hiyohiyo, bila malipo, na Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaandika mbadala wake wa kwanza ndani ya siku chache. Kwa kuwa kila nakala ina historia yote, mtu anaweza kufanya kazi siku nzima Homa Bay bila mtandao, akaandika mabadiliko yake moja moja, kisha akayatuma jioni kwa bando dogo kabisa. Ni zana iliyotokana na watu kuchoka kutegemea hisani ya kampuni moja, na inawafaa vilevile wasio na mtandao wa kutegemewa.

Hisani nyingine ilikoma Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na mipango ya ukimwi ya magharibi mwa Kenya, iliyokuwa ikiitegemea kwa miaka mingi, ikatikisika. Wafanyakazi wengi walirudishwa nyumbani. KenyaEMR, ambayo imejengwa juu ya OpenMRS na inayotumika katika kliniki za ukimwi za kaunti nyingi, haikupoteza hata mstari mmoja wa msimbo. Leseni ilihakikisha hivyo. Kilichokuwa hatarini ni ujuzi wa wale walioujua msimbo huo kwa undani, ambao mishahara yao ilipitia mikataba ya wafadhili. Wakiondoka wakaenda kuuza simu au wakahamia Nairobi kwenye kampuni za fedha, msimbo unabaki hauna msomaji. Hapa nawapinga wenzangu wanaoamini kwamba ukishachagua leseni nzuri umekwisha kujilinda. Leseni hulinda maandishi. Msomaji lazima alipwe na mtu fulani, na itakuwa vyema mtu huyo awe hapa nyumbani.

Swali la malipo ndilo ambalo vijana huniuliza kwanza, na wana haki. Kujitolea kunahitaji tumbo lililoshiba. Zipo njia za kuanzia: Outreachy, iliyoanza mwaka wa 2010 katika mradi wa GNOME, hulipa dola 7,000 kwa miezi mitatu ya kazi chini ya msimamizi katika mradi huria, na OpenMRS imekuwa ikipokea wanafunzi wa Google Summer of Code tangu 2007. Ninawahimiza waombe. Lakini nafasi hizo ni za miezi michache, na nyingi humtayarisha mtu kuajiriwa mbali na hapa. Afya ni jukumu la kaunti tangu ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013. Kaunti za Kisumu, Siaya, Kakamega na Nakuru hutumia pesa za umma kununua mifumo, na ndizo zenye mamlaka ya kuandika katika zabuni kitu kinachotakiwa.

Kwa zahanati ninazozitunza, nimependekeza vifungu vitatu katika mkataba unaojadiliwa sasa. Data zote ziweze kutolewa wakati wowote na mfanyakazi wa zahanati, katika muundo uliochapishwa hadharani, bila kumwomba mwenye programu. Mfumo mzima uweze kusimikwa upya kutoka kwenye diski moja ya mkononi, kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, na jaribio hilo lifanywe mbele ya msimamizi kila nusu mwaka. Cha tatu, mtunza kumbukumbu apewe siku moja ya kazi kila mwezi, yenye malipo, ya kusoma msimbo wa mfumo anaoutumia na kupeleka ripoti au kiraka kwa jumuiya yake. Viwili vya kwanza vilipita bila ubishi. Cha tatu mweka hazina amekizuia kwa sababu haoni ni vipi zahanati italipia kazi inayowafaidi watu wa Rwanda na Uganda, na kamati imeniita Alhamisi nimjibu. Nitaenda na orodha ya viraka tulivyopokea bila malipo kutoka kwa watu wa nje mwaka uliopita, nikikitaja kila kimoja pamoja na ripoti ya mwezi ambayo isingetoka bila hicho.